Washika Viwiko wa Stahani

Katika nchi ya Stahani, mwanamke akitimiza miaka sitini haruhusiwi kusimama peke yake. Hiyo ndiyo sheria, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Kalekwa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, hakuwa na ugonjwa wowote, na tangu alipotimiza sitini hakuwahi kupiga hatua hadharani bila mtu kumshika kiwiko. Sasa mumewe alikuwa amefariki, na yeye alitaka kurudi kwao ng'ambo ya mto, akalime shamba aliloachiwa na mama yake. Lakini Mshika Kiwiko haruhusiwi kuvuka mto, na mwanamke asiyeshikwa haruhusiwi kuufikia. Akatuma neno kwa mdogo wake, Nyamizi: Njoo unitoe huku.

Nyamizi akaenda. Safari yenyewe haina la kusimulia. Aliyewahi kutembea kwa miguu anaijua, na asiyewahi hawezi kuelezwa.

Langoni alimkuta karani mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Karani alimtazama mvi kwanza, kisha uso.

"Umri?"

"Sitini na nne."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi."

Karani akaweka kalamu chini kwa adabu. "Mama, sikukuuliza kama unaumwa. Nimekuuliza unaumwa nini."

Nyamizi akafikiri. Hakutaka ugomvi kabla hajafika. "Magoti hukaza asubuhi. Nikitembea kidogo yanalegea."

"Magoti," karani akaandika. "Usingizi?"

"Naamka mapema."

"Kukosa usingizi. Masikio?"

"Nasikia ninachotaka kusikia."

"Uziwi wa nusu. Haya, sasa tunaelewana."

Basi Nyamizi aliondoka kwake mzima, na kabla hajavuka kizingiti cha Stahani alikuwa na maradhi matatu. Akaelezwa kwamba mgeni hupewa mwezi mmoja wa kutembea nchini na kuondoka atakapo. Mwezi mwingine ukiandama angali huko, anahesabiwa kuwa wa Stahani, na hapo hatoki tena. Kisha akakabidhiwa Mshika Kiwiko wa kumtumikia, mwanamke wa miaka thelathini hivi aitwaye Zawena, mwenye mkono mmoja wa shati wa rangi ya buluu. Hiyo ndiyo alama ya kazi yao. Zawena alikuwa amesoma chuo miaka miwili: kidole gumba chini ya kiwiko, vidole vinne juu, sauti ya chini, hatua fupi.

Chuoni hawakumfundisha kumshika mtu anayetembea. Walipofika kilima cha kwanza alikuwa anahema.

"Bibi Mtukufu, polepole. Nitaanguka."

"Nikushike?" akauliza Nyamizi.

Zawena alitaka kucheka, akakumbuka mkono wake wa buluu, akanyamaza.

Mji wa Stahani ni mzuri, lazima isemwe. Kila kona kuna kiti chenye mto, na juu ya kiti kuna paa dogo la makuti. Barabara yote ya sokoni imetandikwa majamvi, kutoka Baraza mpaka mtoni, ili nyayo za mabibi zisiguse mawe. Watoto wa shule huimba kila asubuhi wimbo wa kuwasifu mabibi, na mabibi huletwa vitini kuusikiliza, wapende wasipende. Jembe ni marufuku kwa mwenye miaka sitini. Ngazi ni marufuku. Chumvi na pilipili ni marufuku. Mwanamke hutukuzwa kwa kadiri ya asiyoyafanya: asiyelima anaitwa Bibi, asiyepika anaitwa Bibi Mtukufu, na asiyefanya lolote kabisa, hata kujifunga kitenge, anaitwa Nuru ya Nchi, na picha yake hutundikwa ofisini.

Nyamizi aliingia kwenye mgahawa akaketi. Mwenye mgahawa akainama, si kwake, kwa Zawena.

"Bibi atakunywa chai?"

"Atakunywa," Nyamizi akasema.

"Yenye sukari au isiyo na sukari?" mwenye mgahawa akamuuliza Zawena.

"Yenye sukari," akasema Nyamizi, "na tangawizi, na mdomo ninao mwenyewe, uko hapa chini ya pua."

Yule bwana akamgeukia Zawena kwa huruma. "Amechoka na safari," akasema kwa sauti kubwa. Akaleta uji usio na chumvi.

Alipofika nyumbani kwa dada yake, alimkuta Kalekwa barazani juu ya kiti cha mito mitatu. Nyuma yake amesimama mshika kiwiko wake, mama mmoja mnene asiyecheka. Kalekwa, ambaye katika ujana wake alikuwa akibeba gunia la mahindi kichwani na mtoto mgongoni huku anagombana na mtu, alikuwa amekaa kama chungu kilichofunikwa.

Mtoto wa Kalekwa, Shigela, akatoka ndani kumpokea. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minane, baba wa watoto watatu, mwandishi katika Ofisi ya Staha, ambayo ndiyo inayosimamia viwiko vyote vya nchi.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, baba. Naona mama yenu mmemweka vizuri."

"Hagusi kitu," Shigela akasema, na fahari ilikuwa ya kweli usoni mwake. Alimpenda mama yake. Hilo nalo lazima lisemwe, maana bila hilo jambo hili lingekuwa rahisi.

Wakala, wakasemezana habari za kwao, nani kazaliwa na nani kazikwa. Kisha Kalekwa akasema anataka kwenda uani. Yule mama mnene akamwinua, akamwongoza hatua fupi fupi hadi kwenye mlango wa choo, akamwachia hapo. Sheria ya Stahani inakomea kwenye mlango wa choo. Wazee wa Baraza walijadili jambo hilo msimu mzima wa mvua, wakashindwa kukubaliana nani aingie.

"Mdogo wangu naye anataka," Kalekwa akasema.

"Sitaki," Nyamizi akasema.

"Unataka."

Wakaingia wote wawili, wakafunga mlango. Choo kilikuwa kipana, sakafu ya saruji, juu wazi, anga tupu. Kalekwa akafungua kitenge akakifunga upya kwa nguvu kiunoni. Akaweka mikono kichwani. Akachuchumaa hadi chini kabisa, akainuka. Akachuchumaa, akainuka. Hakushika ukuta. Jasho likaanza kumtoka shingoni na alikuwa anatabasamu.

"Funga mdomo, nzi wataingia," akamwambia mdogo wake.

"Dada, tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Niliona jirani yangu kashikwa mwaka mmoja, miguu ikawa kama mabua. Wakasema, mnaona, alihitaji kushikwa. Nikasema mimi hawanipati." Akaendelea kuchuchumaa huku anazungumza, pumzi ikikatika kidogo na kurudi. "Lakini usidhani sizeeki. Nazeeka sawasawa. Goti la kushoto lina maneno yake kila asubuhi, na mimi nina yangu. Tundu la sindano nalitafuta kwa kubahatisha. Majina ya watu yananitoroka mchana, yanarudi nimeshalala. Alipokufa baba yake Shigela nilikaa sijui mikono yangu ni ya kazi gani. Huo ni uzee, na ni wangu, nimeufikia kwa miguu yangu. Siukatai. Ninachokataa ni kuzeeshwa na ofisi."

"Na unaumudu vipi?"

"Nakata vipande. Zamani nilikuwa nainuka mara moja tu. Sasa nainuka mara tatu: kwanza nakusudia, pili nasukuma, tatu nafika. Kufika ni kulekule."

Nyamizi akacheka, kwa sababu hata yeye kwake aliinuka hivyo hivyo, ila hakuwahi kumwambia mtu. Hata ndoo ya maji siku hizi aliichota nusu, akaenda mara mbili, na kwa watu alisema ndoo inavuja.

Mara wakasikia kata ikigongwa kwenye ndoo, uani kwa jirani. Ko, ko, ko. Kalekwa akachukua kata yake akajibu.

"Huyo ni Bi Havijawa," akasema. "Ana miaka sabini na tisa. Anagonga hesabu ya alizochuchumaa, anajisifu mpaka ukuta unachoka. Na kule mbali ni Bi Siwazuri, amepasuliwa jicho, haoni vizuri, lakini akichuchumaa utadhani anatafuta kuku. Tuko wengi. Mji mzima."

"Na Ofisi haijaona?"

"Imeona. Imeona kwamba wanawake wazima wanakaa chooni nusu ya asubuhi. Wakaleta wataalamu kutoka mbali. Wataalamu wakakaa, wakaamua: mabibi wote wa Stahani wamefunga choo. Sasa kila Ijumaa tunagawiwa sanamaki ya kuharishia, kikombe kwa kikombe."

"Mnakunywa?"

"Tukinywa sanamaki yote hiyo tutapona uzee kwa kufa. Tunaimwaga kwenye migomba."

"Na migomba?"

"Haijambo," akasema Kalekwa, akachuchumaa tena.

Walipotoka alishikwa kiwiko, akarudishwa kwenye mito yake hatua fupi fupi, uso umepooza kama wa mgonjwa. Nyamizi alitazama hayo yote kwa makini. Aliona kwamba dada yake alikuwa hodari wa kujificha, na kwamba kujificha kulikuwa kunamla. Kama angebaki, siku moja angechoka kuigiza, na siku hiyo angekuwa kweli kile anachokiigiza. Hiyo ndiyo hatari iliyokuwepo.

Asubuhi iliyofuata walikwenda Barazani kudai ruhusa.

Baraza la Stahani lina wazee kumi na wawili, wote wanaume, wote wamepita sitini. Mmoja alikuwa amelala. Mwingine mikono inamtetemeka hata kikombe kinapiga kelele sahanini. Hakuna aliyeshikwa.

"Na hawa nani anawashika?" Nyamizi akamnong'oneza Zawena.

"Hawa ni wanaume, Bibi Mtukufu," Zawena akamjibu kama anayemwelekeza mtoto. "Mwanamume hazeeki. Huongezeka."

Mkuu wa Staha, Bwana Taratibu, alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza homa. Alisikiliza madai ya Kalekwa mpaka mwisho, kisha akalieleza Baraza.

"Waheshimiwa, mama huyu anadai hana ugonjwa. Wataalamu wetu wamemchunguza na ni kweli, hatujauona. Swali ni hili: mwanamke wa miaka sabini na mmoja asiye na ugonjwa ana nini?"

"Ana afya," akasema Kalekwa.

"Afya katika umri huu ni dalili," akasema mzee wa kikombe.

"Dalili ya nini?" Nyamizi akauliza.

"Bado tunachunguza."

Mzee mwingine, aliyesifika kwa busara ya njia ya kati, akapendekeza Baraza limpunguzie Kalekwa umri kwa amri, awe na miaka arobaini na mitano, ili sheria isivunjwe na yeye aende zake. Wengi walilipenda wazo hilo. Lakini karani wa Baraza akakumbusha kwamba mwanawe Shigela ana arobaini na minane, na mwana hawezi kumtangulia mama yake kuzaliwa. Ikabidi wapige kura, na wazo likaanguka kwa kukosa kura moja. Aliyelala alihesabiwa kuwa amekataa.

Kisha Bwana Taratibu akatoa hoja yake kubwa, ambayo hufundishwa shuleni.

"Kabla ya sheria hii," akasema, "wanawake wa Stahani wa miaka sabini walioshindwa kutembea walikuwa wachache. Leo wanaoshindwa ni karibu wote. Waheshimiwa, fikirini ingekuwaje kama tusingewahi kuwashika."

Baraza likapiga makofi. Aliyelala akaamka, akapiga makofi zaidi ya wote.

Kalekwa hakupiga makofi. "Nasikia kuna kifungu," akasema. "Mwenye kudai miguu yake ataionyesha."

Kifungu kilikuwepo, cha zamani, hakuna aliyekipenda. Mwanamke anaweza kuomba kutembea peke yake kutoka mlango wa Baraza hadi lango la mto, kwa barabara ya sokoni. Akifika, aende atakako. Akianguka na kuinuliwa, atawekwa kwenye Kiti cha Mikanda, na hatoki nyumbani tena mpaka siku ya kuzikwa.

"Wamejaribu wanne," akasema Bwana Taratibu kwa huzuni ya kweli. "Wote wako vitini. Mama, nakusihi kama mwanao."

"Mwanangu ninaye," akasema Kalekwa. "Mimi wa tano. Kesho, soko likijaa."

Alasiri ile, nyumbani, Shigela alikuja barazani, akakaa chini miguuni pa mama yake kama alivyokuwa akikaa zamani. Nyamizi alikuwa anachambua mchele kwa siri chini ya kitenge. Hakuondoka.

"Mama, ukianguka watakufunga mikanda. Usipoanguka, Ofisi itanifukuza kazi. Mwandishi wa Staha ambaye mama yake amekataa kushikwa. Sasa nichagulie."

"Siwezi kukuchagulia. Wewe ni mtu mzima."

"Nimekukosea nini? Kipi umekosa humu?"

Kalekwa akamtazama utosini, mahali nywele zilipoanza kumtoka. "Nilipokufundisha kutembea ulianguka siku nzima," akasema. "Uso wako ulikuwa na nundu kama papai bovu. Bibi yako akaniambia mbebe, utamuua mtoto. Sikukubeba. Na sikukufunga kitini."

"Mimi nilikuwa mtoto."

"Na mimi ni mtu."

Shigela akainuka. "Ukivuka ule mto," akasema, "usinihesabu tena kuwa mwanao."

Kalekwa alimtazama mpaka mwanawe akashusha macho.

"Nimesikia," akasema. "Nenda ukale, chakula kinapoa."

Siku ya pili watu walijaa tangu jua halijakuwa kali. Washika Viwiko walipangwa pande zote mbili za barabara, mikono ya buluu imenyoshwa mbele, tayari kudaka. Nyuma yao vilisogezwa viti vya mabibi wa mji mzima, kwa sababu Ofisi ilitaka waone na wajifunze. Mwishoni, wanaume wanne walishika Kiti cha Mikanda, wamekinyanyua kabisa ili kisichelewe.

Kalekwa alitoka mlangoni pa Baraza miguu mitupu. Kitenge amekifunga juu ya kifundo. Nyamizi alikuwa nyuma yake, ameshikwa na Zawena, na ameapishwa asimguse dada yake hata kwa unywele.

Akatembea. Hakuwa mwepesi. Alitembea kama mtu anayekwenda shambani kwake asubuhi, anayejua kazi ni ya kutwa. Goti la kushoto alilipa nafasi lizunguke kidogo kabla ya kukanyaga. Mtu asiyejua angesema anachechemea. Nyamizi alijua kwamba anajadiliana nalo.

"Kaa chini, Bibi, utatuaibisha," akasema muuza ndimu.

"Anatafuta mume ng'ambo," akasema mwingine, na watu wakacheka.

"Nikimpata wa umri wako nitamrudisha kwa mama yake akakue," Kalekwa akajibu bila kugeuza shingo. Wakacheka zaidi, na safari hii hawakumcheka yeye.

Akapita maduka ya nguo. Akapita wauza samaki wakavu. Lango la mto likaonekana, na nyuma yake mng'aro wa maji. Nyamizi akaanza kuvuta pumzi vizuri.

Kilichomwangusha si mguu wake. Ni jamvi. Yale majamvi waliyotandika kwa heshima, ili nyayo za mabibi zisiguse mawe, pembe zake zilikuwa zimekunjamana kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuliona hilo, maana hakuna bibi aliyewahi kupita pale akiwa hajabebwa nusu, na wale wanne hawakufika huko. Kidole cha Kalekwa kikanasa. Akaenda mzima mzima, mikono haikuwahi, mdomo ukapiga chini.

Mji wote ukapiga ukelele mmoja. Washika Viwiko wakaruka kutoka pande zote. Kiti cha Mikanda kikaja mbio, mikanda inaning'inia.

Hapo ndipo Bi Havijawa, aliyekuwa kwenye kiti chake kando ya njia, alipomwambia mshika kiwiko wake, "Nimechoka," akateremka kitini, akaketi katikati ya barabara na kunyosha miguu.

Sasa, katika Stahani unaweza kumwibia bibi shamba, unaweza kumnyima chumvi, lakini huwezi kumruka aliyeketi. Ni fedheha kubwa kuliko zote. Mtu aliyefanya hivyo haozeshwi wala hazikwi na watu. Mbebaji wa mbele wa kiti akasimama ghafla, kisigino kikilima jamvi. Bi Siwazuri naye akaketi, akipapasa kwanza asije akamkalia mwenzake. Kisha wa tatu, wa tano, wa ishirini. Wengine walikuwa hawajagusa ardhi miaka mingi, wakaangukia makalio na kuguna. Wakajaa njia nzima kwa mzunguko, miguu imenyoka, kama mihogo iliyoanikwa. Kalekwa alikuwa katikati yao, na hakuna mkono wa buluu ulioweza kumfikia.

"Mabibi Watukufu," Bwana Taratibu akasihi, jasho likimtiririka, "tafadhalini, inukeni."

"Hatuwezi," akasema Bi Havijawa. "Sisi ni wagonjwa. Waulize wataalamu wako wa choo."

Kalekwa alikuwa amejikusanya kwa magoti na viganja. Damu ilidondoka kutoka mdomoni, polepole. Akatema kitu, akakitazama, akakiacha. Nyamizi akaona kwamba anaweza kumfikia. Alikuwa hatua chache tu nyuma yake, ndani ya mzunguko, na mwili wake wote ulitaka kwenda. Alipogeuka kuutoa mkono wa Zawena aligundua kwamba haukuwepo. Zawena alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Dada," akasema Nyamizi.

"Usiniguse."

Kalekwa akavuta mguu mmoja mbele, akauweka. Akakusudia. Ilichukua muda mrefu, na kila mtu aliona ni muda mrefu. Akasukuma. Goti la kushoto likatetemeka, likakataa, akarudi chini kiganja kimoja. Bi Havijawa alikuwa ananong'ona, midomo ikienda kama mtu anayesali, lakini hakuwa anasali. Alikuwa anahesabu, kama anavyohesabu chooni. Kalekwa akasukuma tena. Mgongo ukanyoka, kipande kwa kipande.

Akafika.

Alisimama hapo kati ya wanawake walioketi, mrefu kuliko wote, mdomo umevimba, kitenge kina damu. Akakifunga upya. Kisha akasema, kwa mdomo ule uliopasuka lakini kila mtu alisikia, "Hakuna aliyeniinua."

Bwana Taratibu akafungua kitabu cha sheria. Akakipekua mbele na nyuma. Kifungu kilisema akianguka na kuinuliwa. Walioandika hawakuwaza kwamba mwanamke wa umri ule angeanguka kisha ajiinue. Hawakulikataza kwa sababu hawakuliamini. Bwana Taratibu akakifunga kitabu. Uso wake ulikuwa na kitu kama uchungu wa mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, leo ameonyeshwa jumla nyingine.

Mabibi wakasogeza miguu kumpisha, jozi kwa jozi. Kalekwa akapita. Alipokuwa anapita, kila mmoja aligusa pindo la kitenge chake, na yeye akawaita kwa majina. Hakuna jina hata moja lililomtoroka. Nyamizi akamfuata, hajashikwa na mtu. Wakatoka langoni, wakaingia darajani, mbao zikalia chini ya miguu yao, mmoja baada ya mwingine, na Kalekwa hakushika kamba.

Sasa analima. Si shamba lote. Robo asubuhi, robo jua likipoa, na katikati analala bila kumwomba mtu radhi. Anatia pilipili kila kitu. Wanawake wa kwao wakimuuliza ilimgharimu nini, huwatajia mwenyewe, akiwa amesimama, ameegemea mpini wa jembe.

Meno mawili ya mbele. Ngozi ya goti la kushoto, iliyoota tena lakini si kwa rangi ileile. Nyumba ya vyumba vinne, pamoja na vyombo. Kaburi la mume, ambalo halipalilii tena. Bi Havijawa na wenzake thelathini na mmoja walioketi barabarani, walionyang'anywa vyeo vyao na kufungiwa ndani mpaka mavuno mawili yapite. Ruhusa ya kuvuka mto tena, yake na ya Nyamizi. Wajukuu watatu. Na mwana mmoja, aliye hai.